Wimbo wa Kalamu na Mikono ya Chepkurui

Kila asubuhi Chepkurui aliamshwa na kikohozi cha Kogo. Kogo ndilo jina ambalo Wakipsigis humwitia nyanya, na Kogo Rodah hakuwa mtu wa kuita mara mbili. Alikohoa, akagonga sufuria kwa kijiko, basi, siku imeanza. Chepkurui alikunywa chai ya maziwa akiwa amesimama, akavaa gambuti, akafunga aproni ya nailoni juu ya sketi yake ya shule, kisha akaingiza vidole vyake kimoja kimoja ndani ya vipande vya mpira.

Vipande hivyo vilikuwa kazi ya Kogo mwenyewe. Alikuwa amekata tyubu kuukuu ya baiskeli, akashona kila kipande kitoshee kidole, maana mabua ya chai hukwangua ngozi ya mchumaji mpaka ikapasuka. Uzi alioutumia ulikuwa mwekundu. Aliufumua kutoka kwenye sweta ya mama yake Chepkurui, aliyefariki miaka miwili iliyokuwa imepita. "Angalau sweta yake ikusaidie," Kogo alisema siku ile. Tangu hapo hawakuwa wamezungumza tena juu ya mama.

Shamba la Kogo lilikuwa dogo, kwenye mteremko unaotazama barabara ya kwenda Bomet. Zamani Mjomba Jonah ndiye aliyekuwa akichuma, lakini alipata kazi ya kuendesha trekta katika mashamba ya ngano upande wa Mulot, akaenda. Mgongo wa Kogo ulikuwa umechoka. Na chai haijui mgongo wa mtu: usipoichuma kwa wakati wake, majani hukomaa, na karani wa kituo cha kupimia majani hukurudishia kikapu mbele ya watu. Kwa hiyo walichuma wawili, bibi na mjukuu, mpaka jua lilipopanda juu ya mikaratusi. Hapo Chepkurui alivua aproni na kukimbia shuleni.

Alichelewa karibu kila siku, na kila mara alikuwa na kisingizio. Ng'ombe wamefunga njia. Daraja la miti linateleza. Kogo ana homa. Ng'ombe tena. Darasani alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole, kwa sababu utomvu wa chai ulikuwa umeviacha vyeusi, na sabuni haikusaidia. Hata kalamu aliishika vidole vikiwa vimejificha ndani ya sweta.

Huenda ukauliza kama alihuzunika. Hapana. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Tangu mazishi ya mama yake, Chepkurui hakuwa akihisi kitu. Alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, lakini ukiugusa si wako. Alichuma, akaenda shule, akarudi, akalala. Wenzake walipocheka, alicheka kwa kuwafuata.

Jioni moja mwezi wa Julai, Kogo alikuwa akichambua mboga. Hakuinua macho alipoanza kusema.

"Muhula wa tatu utakaa nyumbani kidogo, mama. Majani itakuwa mingi na mimi siwezi peke yangu. Ikipungua, unarudi."

"Sawa, Kogo," Chepkurui alijibu.

Pale kijijini kila mtu alijua maana ya neno hilo "kidogo". Chepchumba, binti wa jirani, aliambiwa akae nyumbani kidogo alipokuwa gredi ya saba. Wenzake sasa walikuwa wakikaribia kumaliza shule, na Chepchumba bado alikuwa amekaa kidogo. Chepkurui alilijua hilo vizuri sana. Alingoja moyo wake ushtuke. Haukushtuka. Akaenda kuosha vyombo.

Jambo moja tu lilimfanya ajulikane shuleni, nalo lilikuwa sauti yake. Mwalimu Aluoch, aliyefundisha muziki, ndiye aliyeigundua. Yeye alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, baba yake akiwa ametoka pande za ziwani, na alipenda kusema kwamba alijifunza kuimba kwa kushindana na mitambo. Yeye na wanafunzi wake walikuwa wametunga wimbo kuhusu watoto wanaoacha shule kwa ajili ya kuchuma chai. Waliuita "Kalamu", na Chepkurui ndiye aliyeuongoza:

*Mtoto wa chai, kalamu iko wapi?*
*Jua limechomoza, nawe uko wapi?*
*Jina lako laitwa, kiti chako kitupu,*
*Mtoto wa chai, nani atakuitikia?*

Wimbo ulipendwa kupita matarajio ya mtu yeyote. Uliimbwa kanisani, uliimbwa kwenye harusi, na akina mama waliuimba kwenye kituo cha kupimia majani walipokuwa wakingoja lori. Ulikuwa na mdundo mtamu wa kuchezesha mabega. Hata Ogeto, karani wa kituo, aliupiga mluzi huku akisoma mizani.

"Kila mtu anauimba," Mwalimu Aluoch aliwaambia wanafunzi siku moja baada ya mazoezi. "Sasa niambieni ukweli. Kuna mtoto hata mmoja aliyerudishwa shule kwa sababu ya wimbo wetu?"

Wanafunzi walitazamana. Chepkurui alitazama sakafu.

"Hakuna, Mwalimu," alisema Molly, msichana mchangamfu ambaye wazazi wake walikuwa na duka sokoni. "Watu wanapenda tu ile dansi."

"Ndiyo. Wimbo mtu anaweza kuuimba huku anafikiria kitu kingine. Mimi mwenyewe huimba nikifua nguo." Wakacheka. "Kuna tamasha la shule huko Kabianga mwezi ujao. Wanataka wimbo wenye video, juu ya shida ya mahali petu. Nadhani tujaribu. Mtu akiona, labda atasikia."

Molly aliruka juu. Kaka yake, Weldon, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu hukohuko Kabianga, na alikuwa na simu nzuri na kompyuta ya kupakata. Na kama kulikuwa na mtu wa kuigiza mtoto wa chai, basi ni nani kama si Molly, aliyewahi kuigiza malkia, mwizi na ng'ombe katika michezo ya shule? Hakuna aliyepinga. Sauti itakuwa ya Chepkurui, picha zitakuwa za Molly.

Video ilitengenezwa Jumamosi moja kwenye shamba la nyuma ya shule. Weldon alikimbia huku na huku akisema, "Hiyo shoti ni fiti! Rudia, lakini uhuzunike!" Molly alihuzunika kwa bidii zote. Mwalimu alikuwa ameamua jambo moja: kabla ya kupeleka video kwenye tamasha, ingeonyeshwa kwanza kwa watu inayowahusu. Basi alasiri ya Jumatatu, akina mama wakiwa wameketi kwenye vikapu vyao wakingoja lori, Weldon aliweka kompyuta juu ya meza ya Ogeto na kuiwasha.

Hawakufika hata ubeti wa pili. Molly alikuwa amevaa aproni mpya yenye mikunjo ya pasi. Alikuwa akinyakua majani kwa mikono miwili kama anayeng'oa magugu, na kila alipokumbuka kwamba anarekodiwa, tabasamu lilimtoka. Janefer, jirani wa Kogo, ndiye aliyeanza kucheka.

"Weh! Huyu anachuna majani ama anaitafuta nyoka?"

"Mpe hiyo kikapu Ogeto aone," mwingine akadakia. "Atairudisha na mwenyewe ndani!"

Kogo Rodah alicheka mpaka akashika mgongo. Chepkurui alikuwa amesimama karibu naye, akisikia sauti yake mwenyewe kutoka kwenye kompyuta ikiuliza kalamu iko wapi, na watu wakipangusa machozi ya kicheko. Molly alijificha nyuma ya kaka yake, masikio yakimwaka.

Kesho yake Mwalimu Aluoch hakuwazungusha. "Kosa ni langu," aliwaambia. "Niliona kwamba Molly hachumi vizuri. Nikajiambia, majaji hawatajua. Lakini macho hayadanganywi kwa urahisi kama masikio. Wimbo ukisema 'mtoto wa chai', kila mtu anajichorea mtoto wake kichwani. Video inakuonyesha mtoto fulani, na kama ni wa uongo, wimbo wote unageuka kichekesho. Afadhali tupeleke wimbo peke yake."

Wakati wa mapumziko Molly alimkuta Chepkurui kwenye mfereji. Chepkurui alikuwa amekunja mikono ya sweta ili anywe maji, na hakusikia mtu akija. Molly aliitazama ile mikono: vidole vyeusi, kucha zilizopasuka, mikwaruzo ya zamani na mipya.

"Kumbe ni wewe," Molly alisema polepole. "Ng'ombe kwa njia, daraja, zote ni hii."

"Usiambie mtu."

"Sisemi. Lakini aki, Chepkurui, haiumi?"

"Haiumi," Chepkurui alisema. Hakuwa anadanganya. Kweli hakuhisi kitu.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito na baridi ya Julai ilikuwa imekaza. Kogo na Chepkurui walichuma wakiwa wamekabiliana, mstari mmoja wa miti ya chai katikati yao. Kogo alianza kuimba. Aliimba "Kalamu", tena kwa ile sauti ya pili tamu aliyoijua tangu ujana wake kanisani. *Jina lako laitwa, kiti chako kitupu.* Chepkurui aliacha kuchuma. Alisimama na majani mkononi, akimngoja Kogo ainue macho. Wimbo ulifika mwisho, Kogo akaurudia tangu mwanzo, na hakuinua macho. Aliimba hadi mwisho wa mstari, huku vidole vyake vikienda, na mbele yake alikuwa amesimama mtoto wa chai mwenyewe.

Siku hiyo Chepkurui alipofika shuleni, amechelewa kama kawaida, hakwenda darasani. Alikwenda chumba cha walimu, akasimama mbele ya meza ya Mwalimu Aluoch na kuweka mikono yake juu ya vitabu.

"Mwalimu, nilikuwa nadanganya. Hakukuwa na ng'ombe. Kama bado unataka video, piga hii."

Mwalimu Aluoch aliitazama ile mikono kwa muda mrefu. Hakumkemea. Aliivuta kwake, akaigeuza, akaona viganja.

"Uso wako hautaonekana," alisema mwishowe. "Mikono tu. Lakini lazima Kogo akubali. Nitakuja kumwona leo jioni."

Chepkurui alijua Kogo hangekubali kamwe. "Nimeshamuuliza," alisema. "Amekubali." Uongo ulimtoka kirahisi. Alikuwa amezoea.

Mwalimu alikuwa na madaftari ya kusahihisha rundo zima, na tamasha lilikuwa linakaribia. Akaamini.

Weldon alirekodi Jumamosi shambani kwa Kogo, mwenyewe akiwa kwenye mkutano wa kanisa. Safari hii hakupiga kelele. Alirekodi mikono peke yake: ikivaa vipande vya mpira, ikivunja majani mawili na chipukizi, ikirusha nyuma ya bega bila kutazama, ikikamua maji ya umande kutoka kwenye aproni. Mwisho alirekodi mikono ileile ikishika kalamu, vidole vyeusi juu ya karatasi nyeupe, na herufi zikienda upande kwa sababu vidole vimekufa ganzi. Molly ndiye aliyekuwa amebeba kikapu cha akiba, na hakusema neno lolote, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Jumatatu wakaenda tena kituoni. Akina mama walipomwona Weldon na kompyuta yake walianza kucheka mapema. "Leo mmetuletea nani?" Janefer aliuliza. "Ng'ombe wa Molly?"

Wimbo ulianza, na kama kawaida yao wakauimba pamoja, mabega yakicheza. Kisha mikono ikaonekana. Sauti moja ikanyamaza. Halafu nyingine. Ogeto aliacha kuandika. Mwishowe ikabaki sauti moja tu ya Kogo Rodah, ambaye macho yake hayaoni mbali na alikuwa ameketi nyuma. Alishangaa kujikuta anaimba peke yake. Akainuka, akajikokota hadi mezani, akainama mbele ya kioo.

Aliona uzi mwekundu.

Alibaki ameinama hivyo hivyo mpaka ile kalamu ikamaliza kuandika. Kwenye kompyuta sauti ya mjukuu wake iliuliza nani atakuitikia, kisha ikanyamaza. Lori lilisikika likija kwa mbali. Janefer alikuwa akimtafuta mwanawe kwa macho kati ya watoto waliosimama kando, na alipomwona, alimvuta karibu na kumtazama vidole.

"Ni mkono ya nani hiyo?" mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini. Lakini Kogo alikuwa tayari ameokota kikapu chake, na Chepkurui akamfuata, na hapo kila mtu akajua.

Nyumbani Kogo hakumgombeza. Laiti angemgombeza! Alipika, akamwekea chakula, akaketi akitazama moto. Chepkurui alikula ugali bila kuonja ladha yake. Alijua amemwaibisha Kogo mbele ya kijiji kizima, alijua pia kwamba alisema uongo ili afanye hivyo, na hata hilo alilitazama kwa mbali kana kwamba limemtokea mtu mwingine.

Asubuhi hakusikia kikohozi. Aliamka akakuta mwangaza umejaa chumbani. Alishtuka, akatoka nje mbio. Kogo alikuwa tayari chini kwenye mteremko, peke yake, mkono mmoja ukichuma na mwingine ukishika kiuno. Chepkurui alichukua aproni.

"Wacha hiyo," Kogo alisema bila kugeuka. "Enda shule."

"Na majani?"

"Majani ni yangu. Enda."

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Chepkurui aliitika jina lake lilipoitwa. Darasa zima liligeuka kumtazama. Lakini hakusoma chochote. Alikuwa akiwaza ule mkono ulioshika kiuno.

Saa sita mchana, wanafunzi wakiwa uwanjani, Kogo Rodah aliingia langoni. Alikuwa bado na gambuti zake, kitambaa kikiwa kimefungwa sawasawa kichwani kama mtu anayekwenda kanisani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Aluoch, aliyekuwa chini ya ukuta wa darasa pamoja na Molly na Chepkurui. Weldon pia alikuwapo. Alikuja kuchukua ruhusa ya mwisho ya kupeleka video Kabianga.

"Mwalimu," Kogo alisema, "mimi ni mtu mzima. Ulichukua kitu ya nyumba yangu ukaonyesha watu, na hukuniuliza."

Mwalimu Aluoch alisimama haraka. "Mama, niliambiwa umekubali." Kisha akamgeukia Chepkurui.

Chepkurui aliyatazama macho yote manne ya wazee wake. Angeweza kutafuta ng'ombe mwingine, na daraja jingine. "Nilidanganya," alisema. "Kogo hakujua. Nilijua atakataa. Nisamehe, Kogo."

"Mimi pia nina lawama, mama," Mwalimu alisema. "Ningefika kwako mwenyewe. Nilikuwa na haraka. Video hiyo haiendi popote bila neno lako. Weldon, ukiambiwa ufute, unafuta sasa hivi."

Weldon alitoa simu mfukoni akaishika tayari. Kogo alikaa kwenye benchi taratibu, akanyoosha mgongo ukutani.

"Hiyo wimbo nimeiimba sana. Naipenda. Na kila nikiimba, nilikuwa naona mtoto. Mtoto mwenyewe ako Siongiroi huko, ama Mulot, mtoto ya watu fulani wabaya wasiojali shule. Nilikuwa namhurumia kabisa." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Jana nikaona uzi. Ile uzi nilishona na hii mikono. Wimbo iliniacha nichague mtoto nitakayemhurumia. Hiyo video haikuniacha nichague."

Akamgeukia mjukuu wake.

"Lakini sikia, Chepkurui." Sauti yake ikawa kali. "Ukiwa na jambo, niambie mimi kwanza. Mimi ndiyo Kogo yako, si hao watu wa kituo. Mbona ulinyamaza? Nilikuambia utakaa nyumbani, ukasema sawa. Hukulia, hukukataa. Nikafikiri ni sawa kweli."

"Sikuhisi kitu, Kogo," Chepkurui alisema. "Tangu mama aende, sihisi kitu."

Kogo alimtazama.

"Asubuhi nilikuwa nachuna peke yangu," aliendelea, akimgeukia Mwalimu. "Nikaona Janefer amekuja na kikapu. Sikumwita. Nyuma yake wakaja wengine wawili wa kikundi chetu cha akina mama. Tukamaliza mstari yote. Janefer akasema tutakuwa tunachuniana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwake, hata yeye mtoto wake amekuwa akichuna. Mimi siwezi kuchuna sana, lakini naweza kukaa na watoto wao wadogo. Hiyo desturi tulikuwa nayo zamani, tukaisahau, kila mtu na shamba yake. Chepkurui atakuja shamba Jumamosi, kama mtoto yeyote. Siku ya shule ni ya shule. Muhula wa tatu pia."

Mwalimu Aluoch alipumua kwa nguvu. Molly alimkumbatia Chepkurui, na Chepkurui akabaki wima kama nguzo, hajui la kufanya na mikono yake.

"Na video, mama?" Mwalimu aliuliza kwa heshima. "Tufute?"

"Usifute. Ni ukweli. Lakini haijaisha." Kogo alifungua mfuko wa plastiki aliokuja nao. Ndani mlikuwa na vile vipande vya mpira na malimau mawili. "Watu wakiona mkono ya mtoto peke yake, watafikiri hana mtu. Weka na yangu."

Basi wakatengeneza picha ya mwisho palepale kwenye benchi. Chepkurui alivaa vipande vya mpira. Weldon alipiga magoti, simu mkononi, na mikono mizee ya Kogo ikaingia kwenye picha, nayo ikiwa na weusi wa miaka mingi usiotoka tena. Ikavua vipande vile, kimoja baada ya kingine, ikaviweka kando. Kisha Kogo akakata limau kwa meno, akaanza kumsugua mjukuu wake vidole, kama akina mama wa huko wanavyoondoa utomvu wa chai kabla ya siku ya sherehe.

Maji ya limau yaliingia kwenye mikwaruzo. Chepkurui aliruka.

"Inauma?" Kogo aliuliza.

Chepkurui alifungua mdomo aseme haiumi, maana ndivyo alivyozoea. Lakini iliuma. Iliuma vidoleni, ikapanda mikononi, ikafika mahali ambapo kwa miaka miwili hapakuwa na kitu.

"Inauma, Kogo," alisema. "Inauma sana." Machozi yakaanza kumtoka, kwanza taratibu, kisha kwa sauti, kwa sababu ya limau, na kwa sababu ya sweta ya mama, na baridi yote ile ya asubuhi. Kogo alitupa limau akamvuta kifuani.

Weldon alikuwa bado amepiga magoti, simu ikiendelea kurekodi. Mwalimu Aluoch aliweka mkono wake mbele ya kamera ya simu.

"Zima, Weldon," alisema. "Tulichotaka watu wakione tumeshakipata. Hiki kingine ni chao."